Skrubu ya stering boksi si dawa ya usukani unaocheza

Pikapu inanyanyuliwa sentimita 5 au 10, inafungwa tairi pana, na haichukui muda usukani unaanza kuwa na pleyi. Unauzungusha kidogo, gari haliitikii. Mwenye gari anafika gereji na jibu lake mkononi: "Fundi, kaza tu ile skrubu ya juu ya boksi." Boksi hilo, yaani stering boksi, ni sanduku la gia linalopokea mzunguko wa usukani na kuupeleka kwenye tairi. Ombi hili limezidi, na mara nyingi skrubu haihusiki kabisa na ugonjwa wa gari hilo.

Dhana: Usukani ukilegea, kaza skrubu ya stering boksi

Skrubu hiyo ina kazi moja. Inasukuma shafti inayoshika pitmani ama (mkono unaotoka kwenye boksi kuvuta fimbo za usukani) ili meno yake yakutane sawasawa na meno ya nati ya gololi ndani ya boksi. Haigusi tairodi endi (viungo vya ncha za fimbo inayogeuza tairi), haigusi panadi rodi (fimbo inayozuia ekseli isihame kushoto na kulia), haigusi bolti zinazoshika boksi kwenye chesisi. Kama pleyi iko huko, unaweza kukaza mpaka mwisho na pleyi isipungue hata kidogo, ila boksi utakuwa umeliua.

Linavyokufa ni hivi. Meno ya ndani yametengenezwa yabane zaidi katikati, tairi zikiwa zimenyooka, na yalegee kidogo gari linapokata kona. Kwa kuwa gari hutembea moja kwa moja muda mwingi, sehemu ya katikati ndiyo huliwa kwanza. Ukikaza mpaka pleyi ya katikati iishe, kwenye kona meno yanakwama, kwa sababu huko hayajaliwa. Usukani hauwezi tena kurudi wenyewe ukitoka kwenye kona; dereva lazima aurudishe kwa mkono. Gari la namna hiyo ni la hatari kuliko lile lililoletwa na pleyi.

Kwa hiyo kwanza tafuta pleyi ilipo. Gari likae chini kwa tairi zote nne, si kwenye jeki, hendibreki imevutwa na tairi za nyuma zimewekewa vizuizi. Kama ni pawa stering, washa injini. Msaidizi azungushe usukani kushoto na kulia, kama robo ya mzunguko kila upande, bila kusita. Wewe chini pitia kiungo kimoja kimoja: krosi (viungo vinavyopinda) za shafti ya usukani, shafti inayoingia kwenye boksi na ile inayotoka, pitmani ama, dragi linki (fimbo inayotoka pitmani ama kwenda upande wa tairi), tairodi endi, kisha ncha zote mbili za panadi rodi. Laza kidole juu ya mahali vipande viwili vinapokutana, usikiingize katikati. Kipande kimoja kikitangulia na kingine kufuata baadaye, pleyi ndiyo hiyo. Kidole kinahisi mchezo wa milimita moja ambao jicho linaupita. Ukiona vumbi jekundu la kutu limezunguka kichwa cha bolti, bolti hiyo inatembea hata kama spana inasema imekaza.

Kwenye pikapu ambayo ekseli yake ya mbele ni kipande kimoja toka tairi hadi tairi, yenye koili springi, anza kushuku panadi rodi. Ikicheza, ekseli nzima inahama kushoto na kulia chini ya gari, na dereva anaona kama usukani umelegea. Bushi huisha, lakini kibaya zaidi ni tundu la bolti kwenye breketi kupanuka. Tundu likishapanuka, kukaza bolti hakusaidii: chomelea bamba lenye tundu la saizi kamili, au badilisha breketi. Bushi mpya ikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Ukiikaza gari likining'inia kwenye jeki, gari likishushwa bushi inabaki imejikunja na mpira utachanika mapema.

Halafu boksi lenyewe. Sugua chesisi kwa brashi ya waya pale linapofungwa, kisha msaidizi azungushe usukani tena. Tairi kubwa huvuta sehemu hiyo kwa nguvu, na nyufa hujificha chini ya matope na rangi. Boksi likionekana kuhama huku chesisi ikipinda na kurudi, hiyo ni kazi ya kuchomelea na kuimarisha kwa bamba.

Skrubu ina haki ya kuguswa katika hali moja tu: shafti inayoingia kwenye boksi inazunguka, inayotoka imetulia, na vingine vyote vimekaza. Hapo zima injini, nyoosha tairi, ng'oa dragi linki kwenye pitmani ama. Shika skrubu isizunguke, legeza loknati (nati inayoizuia skrubu isizunguke yenyewe), kisha kaza skrubu sehemu ya nane ya mzunguko, si zaidi. Funga loknati huku umeishika skrubu. Zungusha usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ukishika popote nje ya katikati, rudisha ulichokaza. Kama kukaza hivyo mara mbili hakujatosha, boksi limeisha. Lifunguliwe litengenezwe au litafutwe jingine.

Dhana: Shokapu ya stering itatuliza

Shokapu inapunguza kasi ya mtikisiko. Haishiki kiungo kilicholegea. Gari likipiga shimo na tairi za mbele zikaanza kutetemeka mpaka usukani unataka kuponyoka mikononi, shokapu mpya itaficha hali hiyo kwa muda tu, nayo itakufa kwa kazi isiyo yake. Ningependa kila mwenye pikapu aitoe kwanza, gari lijaribiwe bila hiyo: gari lisilo na ubovu linapaswa kwenda vizuri. Ifungwe mwisho, viungo vyote vikishakaza.

Dhana: Alaimenti imeshafanywa, kwa hiyo tatizo si hapo

Alaimenti juu ya viungo vilivyolegea ni vipimo vinavyobadilika gari likitoka tu mlangoni. Pia tofautisha pleyi na kutangatanga. Kuna gari lisilo na pleyi hata kidogo lakini halikai kwenye mstari, na usukani wake haurudi. Hilo limepoteza kasta, yaani ule mlalo wa kuelekea nyuma wa kingi pini (mhimili ambao tairi hugeukia), unaofanya usukani urudi wenyewe. Mkono unaoshika ekseli ukiwa na urefu wa sentimita 90, kunyanyua gari sentimita 5 kunaizungusha ekseli karibu digrii 3. Kama lilikuwa na digrii 3 au 4, umebaki na nini? Dawa ni bushi za kasta au breketi za kushusha mikono hiyo. Kwa springi za pleti, tumia kabari za chuma kati ya springi na ekseli, zilaze sehemu ya juu ya kingi pini kuelekea nyuma; ukizigeuza, kasta inapungua. Kwenye gari la foo-wili angalia na propela shafti ya mbele, maana pembe yake inaongezeka unaporudisha kasta.

Mengine kwa ufupi

"Pitmani ama iliyoshushwa inamaliza kila kitu." Ikishushwa yenyewe, dragi linki na panadi rodi haziendi tena sambamba, na kila tuta litavuta usukani. Breketi ya panadi ishushwe pamoja nayo.

"Ongeza oili ya stering." Oili ikipungua usukani unakuwa mzito na pampu inalia. Haulegei.

"Nimenyanyua bodi tu, usukani haujaguswa." Umeguswa sana. Bodi ikipanda, shafti ya usukani inavutwa mbali na boksi, na meno yanayoshikana yanaweza kubaki machache. Pikapu hiyo isitembee kabla ya kuwekewa kiungio cha kurefusha shafti.

"Tairi ikicheza kwenye jeki, ni tairodi." Shika tairi juu na chini, itikise, kisha msaidizi akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni boli jointi au kingi pini. Tairodi huonekana zaidi ukishika kushoto na kulia.

Na unapofunga tairodi endi mpya, futa koni (pini yake iliyochongoka) na tundu lake vikauke, bila grisi. Tundu la spliti pini lisipolingana na nati, kaza mbele mpaka lilingane. Kamwe usirudishe nyuma. Spliti pini iwe mpya, na bolti zote za stering na panadi zipitiwe tena kwa spana baada ya kilomita 500.