Ile ranchi ya mlimani, kweli aliipata kwa kamari?

Stori za ranchi kubwa za milimani kule magharibi mwa Marekani huwa zinafanana, mwenyewe wa zamani alikuwa mtu wa vituko, kofia kubwa, bastola kiunoni, na eneo lote eti alilipata usiku mmoja kwenye meza ya kamari. Stori inanoga, hata mimi niliiamini miaka. Ila ardhi nyingi kule ilipatikana kwa makaratasi, sheria ya 1862 ilimpa mtu ekari 160 akikaa hapo miaka 5 na kuiendeleza, halafu 1916 ikaja ya wafugaji, hadi ekari 640. Ndo maana ranchi kubwa mara nyingi ni vipande vya majirani walioshindwa na baridi au madeni wakauza, kimoja kimoja. Ukitaka kuhakiki we tafuta hati za ardhi, zinatunzwa kwenye kaunti husika na nyingine zipo mtandaoni bure, angalia nani aliuza, nani alinunua na tarehe. Stori ikisema 1885 na hati yake ya kwanza ni ya 1920, hapo kuna kitu hakiendani. Vituko vyake vingine vinaweza kuwa kweli tu, kofia haiandikwi kwenye hati.