Kwa nini deni la kampuni halifiki nyumbani kwa mwenyewe?

Ukiingia karakana ya milango ya nakshi mjini Lamu, huenda ukakuta cheti kimetundikwa ukutani juu ya patasi. Wengi huamini hicho ndicho kinga: biashara imesajiliwa, basi ikizama itazama peke yake. Sivyo! Kama ni cheti cha jina la biashara, sheria ya Kenya inamtambua mtu mmoja tu hapo, naye ni fundi mwenyewe. Asipolipa mbao za mbambakofi alizochukua kwa mkopo, mdai akishinda kesi anaweza kuomba mali ya fundi ipigwe mnada. Zana anazohitaji kwa kazi yake zinalindwa na sheria, lakini mashua na kiwanja vinaweza kwenda. Kwenye ubia wa kawaida hali ni ngumu zaidi, maana deni la ubia aliloingia mwenzako ni lako pia.

Kampuni ni mtu mwingine kabisa mbele ya sheria. Ina mali yake na madeni yake, hushtaki na kushtakiwa. Kesi iliyokita kanuni hii iliamuliwa London mwaka 1896. Aron Salomon, mtengenezaji wa buti, aliigeuza biashara yake kuwa kampuni, akashika hisa 20,001 kati ya 20,007. Sita zilizobaki walikuwa nazo mkewe na watoto watano. Kampuni ilipofilisika, mfilisi, yaani anayekusanya mali ya kampuni ili kuwalipa wadai, alitaka Salomon alipe madeni ya kampuni. Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, likakataa: deni ni la kampuni.

Hapa kwetu, Sheria ya Kampuni ya 2015 inamruhusu hata mtu mmoja kufungua kampuni binafsi. Ukishalipia hisa zako zote, hasara yako kama mwanahisa inaishia hapo.

Lakini ukuta huu una mlango, na mara nyingi mwenyewe ndiye huufungua. Benki ikikopesha kampuni changa, kwa kawaida humtaka mkurugenzi asaini kuwa mdhamini, na sahihi hiyo humrudisha kwenye deni. Tena kuna daftari la hesabu, ambalo naona linapuuzwa mno. Mwenye kampuni akitoa shilingi 30,000 za kampuni kwa harusi ya bintiye, lazima iandikwe ni mshahara, gawio la faida, au mkopo. Ikiwa ni mkopo, yeye ndiye mdaiwa wa kampuni, na siku ya kufilisika mfilisi ana haki ya kumdai.