Kompyuta haisahihishi, inalinganisha tu

Wiki iliyopita mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliingia ofisini kwetu, matokeo yake mkononi, alama 9 juu ya 20, akiomba aonyeshwe swali moja tu la kemia ambalo alidhani halikuhesabiwa vizuri. Kabla sijafungua kinywa, mwenzangu wa meza ya pili alikwisha kumjibu: "Mwanangu, ni kompyuta ndiyo imesahihisha. Kompyuta haina ndugu, haina kabila, haikosei. Nenda ukasome." Kijana alishukuru kwa adabu, akatoka. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno hapa Lubumbashi, kwa maprofesa, kwa wazazi, hata kwa wanafunzi wenyewe, na safari hii nimeona afadhali niyajibu kwa maandishi.

Naelewa imani hiyo ilikotoka. Katika mji ambamo kila familia imewahi kusikia habari ya bahasha iliyopita chini ya meza siku chache kabla ya delibe, kile kikao cha walimu cha kuamua matokeo, mashine isiyojua mtoto huyu ni wa nani huonekana kama ukombozi, na kwa upande huo msaada wake ni wa kweli, wala sitaubeza. Isitoshe, kila aliyepita Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, amezoea tangu sekondari kuchagua jibu kwenye karatasi na kuiachia mashine hesabu. Lakini kuondoa upendeleo wa anayesahihisha ni jambo moja, na kupata matokeo ya haki ni jambo jingine, na mimi ninayekaa kila muhula nyuma ya programu hizi za mitihani ninajua umbali uliopo kati ya hayo mawili.

Kusahihisha ni kusoma alichoandika mtu na kuamua kama amelielewa jambo. Kulinganisha ni kuweka herufi hizi kando ya zile na kutazama kama zinafanana. Moodle, programu ya masomo na mitihani ambayo Martin Dougiamas aliitoa kule Australia mwaka 2002 na ambayo ndiyo ninayoitumia sasa, hufanya hiyo kazi ya pili kwa maswali yote ya kuchagua na ya jibu fupi. Ile ya kwanza ilifanywa na mwalimu, pengine saa tano za usiku, alipoweka ufunguo wa majibu huku akikimbizana na umeme usije ukakatika. Wengi wetu huandika maswali katika faili la maandishi la muundo wa GIFT kisha tukaliingiza kwenye benki ya maswali. Humo jibu sahihi hutanguliwa na alama = na kila kipotoshi, yaani jibu lisilo sahihi, hutanguliwa na alama ~. Alama hizo mbili zikibadilishana mahali, hakuna kengele itakayolia: programu italipokea faili, mtihani utafanyika, na wote waliojibu sawasawa watanyimwa alama mmoja baada ya mwingine, bila kurukwa hata mmoja. Mwalimu anayesahihisha kwa kalamu angeshtuka kwenye karatasi ya tano. Mashine haishtuki.

Hilo ni kosa la vidole, nalo hurekebishika. Linaloniudhi zaidi ni kosa la ufunguo ambalo mwalimu mwenyewe hajui kwamba ni kosa. Miaka michache iliyopita nilipewa kuweka kwenye mashine mtihani wenye swali hili: "Lipi kati ya madini haya ni oksidi ya shaba?" Machaguo yalikuwa malakaiti, kalkopiriti, kupriti na borniti, na ufunguo ulisema malakaiti. Mwalimu aliyelitunga alikuwa amefanya kazi viwandani, na huko, kama anavyojua kila mtu wa Katanga aliyewahi kukaa karibu na machimbo, madini ya mukuba, yaani shaba, hugawanywa mafungu mawili, ya oksidi na ya salfidi, na malakaiti huhesabiwa katika lile la kwanza. Kwa lugha ya kiwandani hakukosea. Lakini mtihani ulikuwa wa kemia, na katika kemia malakaiti ni kaboneti yenye hidroksidi, ilhali oksidi ni kupriti, Cu2O, iliyokuwa imeandikwa pale pale miongoni mwa vipotoshi.

Tazama sasa kilichotokea. Mwanafunzi asiyesoma alichagua malakaiti kwa sababu ndilo jina alilolisikia tangu utotoni; ni jiwe la kijani linalochongwa vibao na mikufu na kuuzwa hapa mjini. Mwanafunzi aliyesoma alikumbuka fomula, akachagua kupriti, akapata sifuri. Mashine ilifanya ilivyoagizwa. Isingekuwa ripoti ya takwimu niliyoifungua jioni ile, hakuna ambaye angejua, maana mwanafunzi mmoja mmoja huona alama yake tu, na profesa huona orodha tu.

Ripoti hiyo ndiyo ninayowasihi wenzangu waifungue, na ndiyo wasiyoifungua. Kwa kila swali hutoa kiwango cha urahisi, yaani sehemu ya waliolipata, na kipimo cha utofautishaji, yaani jinsi swali linavyowatenga wanaojua somo na wasiolijua. Njia ya zamani ya kukipata kipimo hicho haihitaji zaidi ya kalamu: wapange wanafunzi kwa jumla ya alama zao, chukua asilimia 27 wa juu na asilimia 27 wa chini, sehemu ambayo mtaalamu wa takwimu Truman Kelley aliipendekeza mwaka 1939, kisha linganisha makundi hayo kwa swali moja. Tuseme wanafunzi ni 100. Kama 20 kati ya 27 wa juu wamelipata na 8 kati ya 27 wa chini wamelipata, tofauti ni 12, ukigawa kwa 27 unapata 0,44, na swali ni zuri. Lakini kama waliolipata ni 6 wa juu na 19 wa chini, unapata 0,48 yenye alama ya kutoa mbele yake, na hapo usitafute udhuru: karibu kila mara ama ufunguo umekosewa, ama swali lina majibu mawili, ama lugha yake inamtega anayefikiri.

Sitaki kuficha kwamba kipimo hicho nacho kina mipaka yake. Katika darasa la watu 30, asilimia 27 ni watu wanane, na mmoja akibofya vibaya namba inaruka. Kwa madarasa madogo naitumia kama dalili ya kunipeleka kulisoma swali upya, basi. Tena liko swali langu moja la maabara linalouliza kama asidi humiminwa ndani ya maji au maji ndani ya asidi. Karibu wote hulipata, kwa hiyo utofautishaji wake ni kama sifuri, na vitabu vinashauri swali la namna hiyo litolewe. Silitoi. Nataka kila mmoja alijue kabla hajagusa chupa.

Swali likishagunduliwa kuwa bovu, lifanyweje? Hapa sina jibu linaloniridhisha. Ukilifuta na kuhesabu alama juu ya 19, unamnyima aliyelipata kwa haki. Ukiwapa wote alama, unamwinua asiyejua lolote, na katika mfumo wetu ambamo 10 juu ya 20 ndiyo kuvuka, alama moja hiyo si ndogo. Kwa swali la kupriti nilibadilisha ufunguo nikaacha malakaiti ikose, kwa kuwa somo lilikuwa kemia. Mwenzangu mmoja aliona ingefaa majibu yote mawili yakubaliwe, kwa kuwa silabusi yetu wenyewe ilitumia lugha ya kiwandani katika sura ya kwanza. Mpaka leo naona alikuwa na hoja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hulipita haraka, nalo ni maswali ya kuandika namba. Sisi tumefundishwa kwa Kifaransa, na desimali zetu huandikwa kwa mkato: 0,25. Programu tuliyokuwa tukiitumia hapo mwanzo ilikuwa imewekwa kwa lugha ya Kiingereza na ilitaka nukta: 0.25. Hakuna aliyewaambia wanafunzi. Walioandika walivyofundishwa tangu shule ya msingi walikosa, na waliopata ni wale waliokuwa wamezoea programu za Kiingereza nyumbani, yaani watoto wenye kompyuta nyumbani. Kisha itazame kibodi yenyewe. Kwenye kibodi ya AZERTY, ile ya Kifaransa, namba za safu ya juu hazitoki mpaka ushikilie kitufe cha herufi kubwa, na nukta nayo vilevile, ilhali mkato hutoka wenyewe. Nimesimama nyuma ya binti mmoja wa mtaa wa Katuba ambaye hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa kwenye karatasi ya rasimu, nikamwona akitafuta sifuri kwa dakika nzima, akiandika "à" akifuta, akiandika "à" tena, na saa ya mtihani ikihesabu kushuka kwenye pembe ya skrini. Mtihani ule ulikuwa wa ukolezi wa miyeyusho. Kwake uligeuka kuwa mtihani wa kibodi, na kompyuta iliandika matokeo yake kana kwamba ni ya kemia.

Kwa hiyo tangu wakati ule hakuna mtihani wa alama kwangu kabla ya kikao cha mazoezi cha nusu saa katika chumba kile kile, kwenye mashine zile zile, na maswali ya namna ile ile. Swali la namba huliweka katika aina ya namba, pamoja na kiasi cha kupotoka kinachokubalika. Siliweki katika aina ya jibu fupi la maandishi, ambamo 0,25 na 0,250 ni maneno mawili tofauti. Najua kuweka kiasi hicho huchukua muda, hasa unapokuwa na maswali 40. Lazima muda upatikane.

Mengine nitayataja kwa ufupi. Ukiruhusu programu ichanganye mpangilio wa majibu, usiandike kamwe "majibu yote ya hapo juu", kwa maana huenda likatokea la kwanza. Ukiiruhusu imchagulie kila mmoja maswali tofauti kutoka benki, hakikisha yaliyomo katika kundi moja yanalingana kwa ugumu. Kuwa na mada moja hakutoshi. Kuhusu delestaji, yaani mgao wa umeme, seva iwe na betri zake, majibu yajihifadhi yenyewe kila baada ya muda mfupi, na muda uliopotea urudishwe kwa kila aliyeupoteza. Kuhusu udanganyifu, programu ya Safe Exam Browser iliyotoka chuo cha ETH Zürich huifunga skrini vizuri, lakini simu iliyo kwenye soksi haiioni, kwa hiyo msimamizi asimame na atembee.

Kuhusu kubahatisha, naombwa kila muhula niweke adhabu ya kutoa alama, na watu hawafanyi hesabu kabla ya kuomba. Katika maswali 20 ya kweli au si kweli, anayejibu kwa kurusha sarafu ana nafasi ya karibu 59 kwa 100 ya kufikisha 10. Mtihani wa namna hiyo usiwepo kabisa. Katika maswali 20 yenye machaguo manne, nafasi hiyo hushuka hadi kati ya 1 na 2 kwa 100. Lakini yakiwa maswali 10 tu yenye machaguo manne, anayebahatisha hufikisha 5 karibu mara 8 kwa 100. Ongeza maswali mazuri, na haja ya adhabu itapungua yenyewe. Nilipoitumia adhabu ya theluthi moja ya alama, ambayo kihesabu inafuta faida ya kubahatisha, niliona kwamba wenye hofu waliacha wazi hata maswali waliyoyajua nusu, na wajasiri wakajibu yote. Nilikuwa nikipima ujasiri. Nimeiacha, ingawa sina uhakika kwamba mtu mwenye darasa kubwa kuliko langu naye anapaswa kuiacha.

Yule kijana wa wiki iliyopita nilimfuata hadi kwenye ngazi, nikarudi naye, nikafungua kazi yake mbele yake. Swali alilolalamikia alikuwa amekosea kweli, na tulilipitia pamoja hadi alipoliona kosa lake. Lakini tulipokuwa tukishuka ukurasa, kwenye swali la 14 niliona jibu lake, 0,250, likiwa na msalaba mwekundu, na ufunguo ukisema 0,25. Aliyelitunga alikuwa ameliweka katika aina ya jibu fupi la maandishi. Niliongeza 0,250 kwenye ufunguo, nikaagiza programu ihesabu upya kazi za wote waliofanya mtihani ule, nikachapa orodha ya waliobadilika alama. Mwenzangu wa meza ya pili aliisoma mara mbili bila kusema neno, kisha akaichukua mwenyewe kuipeleka kwa sekretari wa juri, jopo linaloidhinisha matokeo, kabla ofisi haijafungwa.