Misri nampa mtoto wa Mwanza

Zoezi langu la mto Nile, ambapo wanafunzi wangu huigiza wajumbe wa nchi za bonde hilo wakijadiliana juu ya maji yake, huanza na bahasha. Kila kundi la wajumbe wa nchi linapewa yake, imefungwa, na ndani mna maagizo ya serikali: unachokitaka, unachoweza kuachia, na lile ambalo ukilikubali usirudi nyumbani.

Zamani nilikuwa nawaachia wanafunzi wajichagulie nchi. Wote walikimbilia Tanzania na Kenya, Misri wakaachiwa waliochelewa. Tukaishia na mkutano wa hadhara, makofi tele na hakuna aliyesogea. Sasa napanga mwenyewe. Misri nampa mtoto wa Mwanza, aliyekulia ziwani na hajawahi kujiuliza kwa nini mtu wa Cairo akoseshwe usingizi na bomba linalopeleka Kahama na Shinyanga maji ya Ziwa Victoria, ziwa linalolisha Nile. Akilala na bahasha usiku mmoja, asubuhi anautetea mkataba wa 1959 wa Misri na Sudan kugawana maji ya Nile, kila mwaka mita za ujazo bilioni 55.5 kwa Misri na 18.5 kwa Sudan, utadhani kazaliwa Aswan. Wa Tanzania anamrudisha 1962, Nyerere alipokataa Tanganyika kufungwa na mkataba wa maji ya Nile wa 1929 uliowekwa na Mwingereza.

Utamu wenyewe uko kwenye kifungu cha 14(b) cha mkataba wa ushirikiano wa bonde la Nile. Nchi za juu ya mto zilitaka iandikwe kwamba nchi isiathiri "kwa kiasi kikubwa" usalama wa maji wa mwenzake. Misri na Sudan zikataka isiathiri usalama wa maji pamoja na matumizi na haki "zilizopo". Neno moja tu hilo, na 1959 imeshaingia kwa mlango wa uani! Hapo darasa huweza kukwama saa nzima, nami siwaharakishi. Wakubwa wao hawakuafikiana: mkataba ulianza kusainiwa Entebbe Mei 2010 bila Misri na Sudan, ukaanza kutumika Oktoba 2024.

Chai naiweka ndefu, dakika arobaini. Mezani watu husoma hotuba; penye maandazi ndipo Ethiopia humvuta Sudan pembeni. Na alama sizitoi kwa aliyeshinda, nazitoa kwa taarifa anayomwandikia waziri wake usiku ule, hasa akieleza vizuri alichokosa.

Mwisho wanabadilishana bahasha. Kimya kidogo, kisha mmoja anaruka: "Kumbe hili mlikuwa radhi kuliachia?" Mimi hapo huenda kunawa chaki, nikawaacha wagombane.