Dola Imeshuka, Mbona Spea Hazijashuka?

Wenye tuktuk na matatu wa Malindi wamekuwa wakituletea malalamiko mengi, na karibu yote ni swali moja. Januari 2024 dola ilikaribia shilingi 160, baadaye ikashuka hadi 129 hivi. Basi kwa nini shoki na breki padi hazikushuka nayo? Wengine hawangoji jibu, husema forodha ndiyo inayokula tofauti. Hesabu yetu haina siri.

Ushuru hautozwi kwa bei ya dukani. Kwa mzigo wa meli, hutozwa kwa bei ya kununulia, nauli na bima hadi Mombasa. Jumla hiyo ya dola hugeuzwa shilingi kwa kiwango cha forodha kinachotumika tamko (hati ya kueleza forodha mzigo na thamani yake) linapowasilishwa, wala si kile cha siku uliyomtumia muuzaji pesa. Hapa ndipo wengi hupotelea.

Tuchukue mzigo wa dola 1,000, wenye ushuru wa 25% (kiwango hutegemea aina ya kipuri). Dola ikiwa 129, thamani ni shilingi 129,000. Ushuru ni 32,250, ada ya tamko la uagizaji ya 2.5% ni 3,225, na tozo ya reli ya 2% ni 2,580. VAT ya 16% huhesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru, nayo ni 25,800. Jumla ya kodi: 63,855. Mzigo huohuo dola ikiwa 160 hulipa 79,200. Kwa hiyo dola ikishuka, kodi nayo hushuka.

Duka la Malindi mara nyingi hununua kwa muuza jumla wa Mombasa au Nairobi. Aliyejaza rafu dola ikiwa juu hataki kuuza kwa hasara, na bei ya spea haipangwi na serikali. Lakini kisingizio hicho kina mwisho. Gia boksi yaweza kukaa rafuni mwaka mzima. Filta na plagi hazikai. Anayeuza filta leo kwa bei ya Januari 2024 hana mzigo wa zamani, ana mazoea.

Ukiagiza mwenyewe, usikubali wakala wa forodha akutajie “pesa ya klia” kwa mkupuo. Dai nakala ya invoisi iliyowasilishwa, hati ya shehena, tamko lenye namba yake, na hati ya malipo ya kodi. Linganisha invoisi hiyo na ile uliyolipia: dola, idadi, maelezo ya kipuri. Kisha tenga kodi na ada ya wakala. Mzigo ukichanganywa na wa wengine katika kontena moja, ulizia mapema tamko litakuwa kwa jina la nani.

Kuandika dola 400 badala ya 1,000 si ujanja wa biashara. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 203, inaweka kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000. Faini nayo, kama mnavyoona, ni ya dola. Ushuru uliopungua hudaiwa hata baada ya mzigo kutoka bandarini, ndiyo maana hati huwekwa miaka 5. Na tafadhali, “ejenti ndiye aliyejaza” hakumwondolei mwenye mzigo deni.

Msamaha wa ushuru kwa abiria anayeingia nchini ni wa vitu vyake binafsi. Beringi arubaini ndani ya begi ni biashara.