Kupeana mchongo: maana yake, na anachopata anayetoa

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Vijana wa Dar es Salaam wakisema kitu ni "cha mchongo" wanamaanisha feki: daktari wa mchongo, risiti ya mchongo. Mkenya naye atakumbuka mchongoano, ule utani wa kuumbuana. Mchongo ninaouzungumzia hapa ni ule wa "kuna mchongo Tegeta, wanatafuta mafundi vigae wawili", yaani habari ya kazi halali inayotoka kwa anayeijua kwenda kwa anayeihitaji. Kupeana mchongo ni kumpa mwenzako habari hiyo, au kumwachia kazi yenyewe, bila kudai cha juu. Ukidai cha juu umeshakuwa dalali, na malipo yako yameishia hapo hapo.

Kinyume chake ni kubania. Anayebania anaogopa kwamba kazi akimpa mwenzake ndiyo imekwenda. Hofu hiyo si ya kijinga, maana wakati mwingine inakwenda kweli. Lakini tazama mambo yalivyo kwenye daladala.

Dereva akichoka, au akifiwa, gari halilali, kwa sababu hesabu ya tajiri, yaani mwenye gari, iko pale pale. Usukani anampa deiwaka, dereva asiye na gari la kudumu, apige tripu kadhaa. Deiwaka anapata hela ya siku hiyo. Dereva je? Deiwaka huyo leo yuko kwenye gari hili, kesho lile. Anapiga soga na makonda, mafundi wa gereji na matajiri wengi kuliko dereva aliyefungwa na gari moja. Tajiri akishusha Coaster na hana mtu wa kuiendesha, yeye ndiye atakayesikia mapema. Na kama nafasi hiyo haimfai mwenyewe, jina litakalomtoka mdomoni ni la yule aliyempa usukani siku aliyokuwa hana hata nauli ya kurudi nyumbani.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili mbali kabisa na vituo vyetu. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala iliyotumia mahojiano na watu wa Newton, karibu na Boston, waliokuwa wamebadilisha kazi. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana naye mara mbili kwa wiki au zaidi. Asilimia 55.6 walionana naye chini ya mara mbili kwa wiki lakini zaidi ya mara moja kwa mwaka, na asilimia 27.8 mara moja kwa mwaka au pungufu. Sababu yake haina ugumu. Rafiki wa karibu anajua yale yale unayoyajua wewe, kwa kuwa chai mnakunywa kibanda kimoja. Yule wa mbali kidogo ndiye anayekaa kwenye vijiwe usivyofika.

Tatizo ni kwamba mtu wa mbali ana watu wengi wa kuwakumbuka. Wema uliomfanyia ndio unaolifanya jina lako litangulie. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, wengi wanapokosea hesabu: wanamsaidia mtu kisha wanamtumbulia macho wakisubiri alipe. Mara nyingi halipi yeye. Analipa mtu aliyesimuliwa naye, au aliyekuwa amesimama pembeni siku ile akaona.

Lakini kuna kujimaliza. Mwaka 2003 mtafiti Francis Flynn alichapisha utafiti kuhusu wahandisi 161 wa kampuni ya simu. Waliosaidia wenzao kuliko wao walivyosaidiwa waliheshimiwa zaidi, ila kazi zao wenyewe zilizorota. Waliokuwa na heshima na kazi zikaenda vizuri ni wale waliosaidiana mara kwa mara, leo wanatoa, kesho wanaomba. Kwa hiyo yule fundi anayejisifu kwamba hajawahi kumsumbua mtu, hata kwa kuazima drili, anajinyima nusu ya faida.

Tusichanganye pia mchongo na kumbeba mtu. Kumwambia kijana wa jirani kwamba nafasi za serikali zimetangazwa, ukakaa naye kupanga vyeti na barua, ni mchongo. Kumnong'oneza mtu wa ndani alipitishe jina lake ni kumbeba, na siku akiboronga jina lako litatajwa kabla ya lake.

Hata mchongo safi una dhamana ndani yake. Mtu akiuliza kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, "Nani anajua fundi vigae?", ukatuma namba tupu, umemtupia mzigo. Mimi huandika hivi: "Huyu alinipigia vigae jikoni mwezi wa tatu, hakuna kilichong'oka. Ila saa zake ni za kubahatisha, mpigie tena asubuhi."