Semikondakta yenye usumaku: kazi ya atomu chache za manganisi

Semikondakta (kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi, kati ya metali na kihami) ya kawaida, mfano silikoni, haina usumaku wa kutajika. Chuma ni sumaku nzuri, lakini hakina lile pengo la nishati linalotuwezesha kuwasha na kuzima mkondo kwenye transista. Kutia metali za mpito (manganisi, kobalti, kromi na jamaa zao) ndani ya semikondakta ni kutafuta sifa zote mbili katika fuwele moja.

Tuchukue asenidi ya galiamu, iliyochunguzwa kwa kina sana. Asilimia chache za atomu za galiamu huachia nafasi zao kwa manganisi. Manganisi ina elektroni 5 kwenye obiti za d (mojawapo ya ngazi za elektroni katika atomu), na spini zao, yaani usumaku mdogo wa kila elektroni, zote zikielekea upande mmoja, kwa hiyo kila atomu ni kisumaku. Tena, galiamu hutoa elektroni 3 za kufunga vifungo, manganisi 2 tu. Ile moja inayokosekana huacha tundu, nalo husafiri ndani ya fuwele kama chaji chanya. Hapa ndipo penye uzuri wote: visumaku hivyo vimetawanyika mno kuweza kupangana vyenyewe, ila matundu yanayopita huviunganisha hadi vikaelekea upande mmoja. Atomu ileile imeleta sumaku na kileta mpangilio chake.

Ndiyo sababu umeme unaweza kuamrisha usumaku. Mwaka 2000, Hideo Ohno na wenzake huko Japani walionyesha kwamba volti ikipunguza matundu katika asenidi ya indiamu yenye manganisi, usumaku hufifia, yakiongezwa, hurudi.

Kikwazo ni joto. Usumaku wa asenidi ya galiamu yenye manganisi ulianza kwa kutoweka juu ya kelvini 110 hivi, yaani nyuzi 163 chini ya sifuri. Baada ya miaka ya kusafisha fuwele umekaribia kelvini 200, bado baridi kali. Na manganisi haikai humo kwa hiari: tabaka la fuwele lisipokuzwa kwa joto la chini kwa kazi hiyo, takriban nyuzi 250 za Selsiasi, manganisi hujitenga na kuwa chembe za asenidi ya manganisi.

Kujitenga huko kumewapotosha wengi. Oksidi ya zinki yenye kobalti imetangazwa mara nyingi kuwa sumaku katika joto la chumbani, kumbe wakati mwingine inayovuta ni vibonge vya kobalti tupu. Kwa hiyo mimi siamini kipimo cha usumaku peke yake. Lazima eksirei na hadubini ya elektroni zionyeshe kila kobalti imekaa wapi.